Wakiona kamera wanaganda kama wa pasipoti

Swali: "Mimi ni fundi wa umwagiliaji, nyumbani ni Moshi. Mwaka jana nilikwenda kusini mwa Ethiopia kikazi, na wikiendi moja tukapelekwa bonde la Omo kuwaona Wamursi. Kila kamera ilipoinuliwa watu walidai hela, wakajipanga mstari na kutukazia macho. Dereva akanishauri nipige nikiwa ndani ya gari kwa lensi ya kuvuta mbali. Nikafanya hivyo njia nzima ya kurudi: wanawake wakiteka maji, watoto wakichunga, mzee amelala chini ya mti. Ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, lakini kila nikizifungua najiona mwizi. Mwezi wa kumi narudi tena, safari hii miezi mitatu, kijiji cha Wakonso. Nataka kupiga maisha yao ya kila siku, siyo ngoma za watalii. Je, nimlipe kila ninayempiga? Nikiomba ruhusa si wataganda? Na kwa kuwa mimi ni Mwafrika mwenzao, tena mtoto wa mkulima, hilo halitanirahisishia?"

Ndugu yangu, nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo linaloyavuruga hayo mengine mawili.

Hebu geuza safari. Mkonso aje Kibosho, hajui neno la Kichaga wala la Kiswahili, asimame kwenye ukingo wa kihamba (shamba la nyumbani) cha baba yako na lensi ndefu kama mtutu, amlenge mama yako anayekata majani ya ng'ombe. Kuna atakayesema muacheni, huyo ni Mwafrika mwenzetu? Ataulizwa ametumwa na nani, na picha anakwenda kuuza wapi. Rangi yako itakufanya usionekane haraka sokoni, basi. Watoto wa njiani wanaomwita kila mgeni "faranji" huenda wewe wakakupitisha, mpaka waione kamera shingoni. Hapo utajikuta umewekwa kundi moja na wale mliopanda nao gari la Omo, na kwa kweli ndimo ulimokuwa.

Kitakachokusaidia ni ufundi wako. Wakonso ni watu wa mawe na udongo. Matuta yao ya ngazi yameshikiliwa na kuta za mawe yasiyo na saruji, mahali pengine kuta hizo zinafika mita 5 kwenda juu, na UNESCO ilipoiandikisha nchi yao kwenye urithi wa dunia mwaka 2011 ilitaja kazi ya vizazi 21. Mtu aliyekulia pembeni ya mfongo, ule mfereji wa maji wa Wachaga, anayejua maana ya zamu ya maji na ugomvi wa jirani aliyefungulia usiku, ana la kumuuliza mkulima wa Konso ambalo mtalii hana. Uliza kuhusu ukuta uliobomoka, nani ana wajibu wa kuujenga, mvua ikizidi maji yanatolewa wapi. Mazungumzo hayo yatakufungulia milango ambayo neno "Mwafrika mwenzenu" halitaifungua kamwe. Halafu kuna jambo dogo litakalokufurahisha: saa zao ni zetu. Ethiopia nzima huhesabu saa kuanzia macheo, kwa hiyo ukiambiwa njoo saa moja asubuhi, ni saa moja hiyo hiyo ya Moshi. Wazungu wengi hukosa miadi kwa hilo.

Sasa Omo. Ulichokiona pale si uchoyo, wala si utamaduni "ulioharibika" kama madereva wanavyopenda kusema. Ni bei. Wamursi ni watu wachache, sensa ya 2007 iliwahesabu takriban 7,500, na kwa miaka mingi magari yamekuwa yakifika, yakisimama nusu saa, watu wakishuka, wakibofya, wakiondoka. Mwenye sura akagundua kwamba sura yake ina thamani kwa watu hawa, na kwamba hawatarudi tena. Kwa biashara ya namna hiyo njia pekee ya haki ni kulipwa papo hapo, kwa kila mlio wa kamera. Baada ya hapo mengine yalifuata yenyewe. Kama anayependeza zaidi ndiye anayepigwa zaidi, basi watu hujipamba kwa ajili ya gari: pembe, mashada na vibuyu kichwani, vitu ambavyo havivaliwi siku ya kazi. David Turton, mwanaanthropolojia wa Uingereza aliyewafuatilia Wamursi tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, aliandika jinsi mkutano huo unavyowaacha wote wawili, mpiga picha na mpigwaji, bila furaha. Wewe uliona upande mmoja tu wa kinyongo hicho.

Ndipo dereva akakupa ile dawa ya gari. Na hapa nitakuwa mkali kidogo. Kuna imani iliyoenea sana miongoni mwetu wapiga picha kwamba mtu asiyejua anapigwa ndiye mtu halisi, na akishajua, uhalisia umeondoka. Imani hii inatupendelea sisi, ndiyo maana hatuihoji. Ukweli ni kwamba picha ya kuvizia inaonyesha umbo la mtu na haikuambii alikuwa anafanya nini. Mgeni hajui siku ya kawaida inafananaje, kwa hiyo kila anachokiona anakiita cha kawaida.

Nilijifunza hili kwa aibu. Miaka mingi iliyopita nilikuwa katika kijiji kimoja huko huko kusini, si Konso, nikiwa na mkalimani niliyemfahamu kwa siku mbili. Mama mmoja alikuwa amepiga magoti mlangoni akisaga mtama kwenye jiwe. Mwanga ulikuwa unaingia kutoka ubavuni, unga unaruka, mikono yake imepauka mpaka kwenye viwiko. Nikamwonyesha kamera, akatikisa kichwa kukubali. Nikapiga, nikachuchumaa, nikapiga tena, nikawa namtabasamia kumtia moyo, na kwa ishara nikamwomba asage kwa nguvu kidogo ili unga uruke. Akafanya. Binti mmoja akatoka ndani akamnong'oneza mkalimani, na mkalimani akanishika kiwiko tukaondoka. Unga ule ulikuwa wa msiba. Kaka yake alikuwa amezikwa jana yake, na nyumba ilikuwa inaandaa chakula cha waombolezaji. Picha hizo ni nzuri mno, sijawahi kuzionyesha. Kama ningezionyesha ningeandika chini yake "mama akiandaa chakula cha jioni", na hakuna ambaye angenisahihisha.

Utasema, lakini alikubali. Alikubali kama bibi yako anavyomwambia mgeni "karibu" hata kama ndani hakuna sukari. Kwa Kiamhari utasikia sana neno "ishi". Litatafsiriwa kwako kuwa "sawa", na kweli ni sawa, lakini ni ile "haya" yetu: nimekusikia, siwezi kubishana nawe mbele za watu. Wakonso wana lugha yao, ya Kikushi, kwa hiyo ruhusa utakayoomba kwa Kiingereza itapita kwenye Kiamhari ndipo iingie Kikonso, na kila daraja linakula kitu. Usiamini neno. Tazama kama mtu anaendelea na kazi, kama mabega yameshuka, kama watoto wake wanakusogelea au wanarudi ndani. Kesho yake pita tena bila kamera uone unavyosalimiwa.

Basi ushauri wangu wa kwanza hautakupendeza: wiki ya kwanza kamera ikae begini. Una miezi mitatu, huna haraka ya mtalii. Nenda kwanza kwenye ofisi ya kebele, ambayo kwetu ni sawa na serikali ya kijiji, ueleze wewe ni nani, unafanya kazi gani, na kwamba mbali na kazi utapenda kupiga picha. Watalii wanaofika Konso huchukua mwongozaji rasmi na hulipia kuingia kijijini, usijifanye huhusiki na utaratibu huo kwa kuwa umekuja na mradi. Kisha kaa na watu. Katika kila kijiji kuna mora, nyumba kubwa ya jumuiya yenye paa refu la nyasi, vijana hulala juu na chini yake wanaume hukaa kivulini. Huko utakuta mchezo wa mashimo na kete, ndugu wa bao letu. Omba ufundishwe. Utafungwa, watacheka, na kuanzia siku hiyo una jina.

Sasa kuhusu kuganda. Hili nalo tumelielewa vibaya. Mtu anaposimama wima, mikono ubavuni, uso umekazwa, sisi tunasema ameharibu picha. Yeye anaona ndiyo kwanza anaitengeneza. Kumbuka picha zilizotundikwa sebuleni kwa babu yako: amekaa kwenye kiti, koti la kuazima, mikono magotini, hacheki. Nani alimwambia agande? Hakuna, alikuwa anajua kwamba picha itaishi kuliko yeye. Mama wa Konso anayekimbia ndani kubadilisha sketi, ile ya pamba yenye marinda mawili, anataka kitu hicho hicho.

Mpe. Mpige picha ya ukutani kwanza, uitendee haki: msubiri ajifunge vizuri, mwite mumewe na watoto kama anataka wawepo, mwonyeshe kwenye kioo cha kamera, umuulize kama yuko sawa au mrudie. Hiyo ni picha yake. Wengi wanaolalamika kwamba watu wanaganda hubofya mara moja kwa shingo upande, wakaondoka. Ukibaki, utaona ajabu. Watu hawawezi kuganda kwa muda wa saa mbili. Mtoto analia, kuku anaingia kwenye mtama, jirani anapita na habari za sokoni, na mama anarudi kwenye kazi yake huku akijua kabisa kwamba upo na kamera ipo. Picha utakayopata hapo haikuibwa na haikuigizwa. Mara nyingi huja siku ya tatu au ya nne kwenye nyumba ile ile. Kwa hiyo chagua nyumba nne au tano, siyo arobaini.

Hii ndiyo sababu pia ninakuomba uache ile lensi ya kuvuta mbali nyumbani, au uipeleke kwa ajili ya milima tu. Chukua ya milimita 35. Nayo ukitaka uso lazima uwe hatua mbili kutoka kwa mwenye uso, na hatua mbili huwezi kumvizia mtu.

Pesa. Hakuna jibu safi hapa. Ukilipa kwa kila mlio unanunua pozi, na unawafanya watoto waache kuchunga wakufuate. Usipolipa kabisa, mahali ambapo wengine hulipa, wewe ni yule tajiri anayejifanya rafiki ili asitoe hela. Mwenzangu mmoja hupendelea mfuko wa kijiji: unatoa kiasi mbele ya wazee, kinaandikwa. Ni njia ya wazi, ila fedha hizo mara chache humfikia yule mwanamke uliyempiga. Mimi hutenganisha. Anayeacha kazi yake kwa ajili yangu namlipa muda wake, kiwango kilekile cha kibarua wa siku, na tunakubaliana mapema. Ninayeshinda kwake na kula kwake simwekei noti mkononi, naleta kitu cha nyumbani kama wageni wanavyofanya pale: kahawa, sukari, sabuni. Muulize mwenyeji wako kipi kinafaa, na usigawe pipi kwa watoto barabarani. Kila mtu nampa picha iliyosafishwa kwenye karatasi. Kama picha itakuja kuniingizia pesa, hilo nalisema kabla sijapiga, siyo baada ya kupata mnunuzi.

Usiende ukidhani haya ni adabu tu. Kifungu cha 27 cha Sheria ya Madai ya Ethiopia ya 1960 kinakataza picha ya mtu kuonyeshwa hadharani, kunakiliwa au kuuzwa bila ridhaa yake. Huku kwetu Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na Kenya wana yao ya 2019 ambayo ina meno: mwaka 2023 shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi mtandaoni bila ridhaa ya wazazi. Picha ukiipiga Konso ukaiweka kwenye simu ukiwa Moshi, imeshavuka mpaka. Na kijana wa Konso naye ana simu, ataiona.

Niseme kidogo juu ya mwanga, maana najua kuna siku utarudi na nyuso nyeusi tii ukadhani kamera ni mbovu. Kipimo cha mwanga hakijui mtu, kinatafuta wastani wa kijivu tu. Mtu mweusi akisimama mbele ya anga jeupe, kamera inaliona anga, inapunguza, uso unapotea. Shuka jeupe likijaza fremu mambo ni yale yale. Lakini uso mweusi ukiujaza fremu peke yake, kamera inadhani kuna giza, inaongeza, na ngozi yenye mng'ao inatoka ya majivu. Kwa hiyo weka kipimo cha nukta moja (kamera hukiita "spot"), kipime shavuni, halafu punguza kidogo mpaka rangi ifanane na unayoiona kwa macho. Jua la saa sita mchana liache lipite. Mlangoni kwenye kivuli, uso ukielekea nje, ndipo mahali pazuri kuliko pote kijijini, na hapo hakuna haja ya flashi. Ndege isiyo na rubani usibebe bila kibali cha serikali, itaishia uwanja wa ndege wa Bole, Addis Ababa.

Kuna mambo mawili matatu ambayo maandishi yangu hayatoshi, utahitaji mtu wa hapo hapo. Zile sanamu za mbao ziitwazo waga, zinazosimama kwa ajili ya mashujaa waliokufa, ni alama za makaburi. Nyingi ziliibwa na kuuzwa kwa wakusanyaji, na baadhi ya zilizookolewa ziko kwenye jumba la makumbusho la Karat, mji mkuu wa Konso. Usizielekezee kamera mpaka uwe na mtu wa ukoo husika. Msiba, mgonjwa, au mwanamke ambaye mumewe ndiye aliyekubali kwa niaba yake: tafuta mwanamke wa pale, mwalimu au mhudumu wa afya, amuulize faraghani wewe ukiwa mbali. Watoto, zungumza na mzazi, siyo mwongozaji. Ukikutana na ugomvi wa ardhi au watu wenye silaha, kamera begini, na habari uipeleke kwa msimamizi wako. Na kama unafikiria maonyesho au kuuza, kaa na mwanasheria kabla ya kuchapa, maana karatasi iliyowekwa dole gumba na mtu asiyejua kusoma haitakukinga kama huna ushahidi kwamba alielezwa.

Zile picha za garini? Sikwambii uzifute zote leo. Zitenge. Zenye sura ya mtu usizichapishe popote, hata kwenye kundi la familia, kwa sababu huna wa kumuuliza. Ya mzee aliyelala chini ya mti, kama uso unaonekana, mimi ningeifuta. Za mandhari na mifugo ni zako.

Na tenga siku tano za mwisho kwa ajili ya kurudisha. Studio za kusafisha picha zipo mji wa Arba Minch, ni mwendo wa saa chache. Safisha nakala moja moja kwa kila mtu aliyemo kwenye picha, hata aliyetokea pembeni, maana huyo ndiye atakayeuliza yangu iko wapi. Peleka mwenyewe, usimpe dereva. Nyuma andika majina kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu huchelewa kukauka kwenye karatasi ile na utachafua uso wa picha iliyo chini yake kwenye bahasha.